Dodoso la hofu ya mtihani limenipa majibu nisiyoyaamini. Nimekosea wapi?

Mkufunzi_Nyanda

Wakuu, habari za jioni. Nitaandika kirefu kidogo, mnivumilie.

Mimi ni muuguzi, na huu ni mwaka wa tisa nafundisha chuo cha uuguzi huku Nyanda za Juu Kusini. Nasoma shahada ya uzamili huku niko kazini, na utafiti wangu ni wa kupima hofu ya mtihani kwa wanafunzi wa stashahada. Mada hii sikuiokota tu. Nimeichukua kwa sababu ya mwanafunzi mmoja.

Muhula uliopita tulikuwa na mtihani wa vitendo, ule wa vituo. Mwanafunzi anaingia kituo cha kwanza, ana dakika tano, kengele inalia, anahamia cha pili. Mimi nilikaa kituo cha kupima shinikizo la damu. Akaingia binti ambaye wodini namwamini kuliko hata baadhi ya walioajiriwa. Saa nane za usiku mama akilia uchungu, yeye ndiye anayemshika mkono huku anahesabu mapigo. Pale kwangu aliufunga mkanda wa mashine ukiwa umegeuka, mipira inatazama begani. Akavaa stetoskopu, akaivua, akaivaa tena. Kile kichwa cha stetoskopu kilikuwa kinagonga ukingo wa meza, tk tk tk, kwa jinsi mkono ulivyokuwa unatetemeka. Akaniangalia akasema, "Madamu, kinachofuata sikijui." Kengele ikalia. Kwenye karatasi hakuwa ameandika namba hata moja.

Wiki moja baadaye nikagawa dodoso la majaribio. Nilichukua lile la mwanasaikolojia Spielberger la mwaka 1980: sentensi 20, kila moja inajibiwa kwa ngazi nne, alama ya chini kabisa 20 na ya juu 80. Nikalitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili usiku mmoja, maana kwa Kiingereza wengi wao wangebahatisha. Darasa lina wanafunzi 84. Nilisimama mbele, nikawaeleza, wakajaza, nikapita meza kwa meza kukusanya. Juu ya karatasi niliweka nafasi ya namba ya usajili, ili baadaye nilinganishe na alama zao za mtihani.

Yule binti amepata 29. Sentensi ya moyo kwenda mbio kajibu kwamba haimtokei. Kutetemeka, haimtokei. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwake! Halafu kuna kijana mmoja mtulivu, anaingia chumba cha mtihani kama anaingia kantini, huyo kapata 61.

Juu ya hayo, programu ya takwimu inanionyesha kwamba sentensi ya kwanza inakwenda kinyume na zenzake zote, na alfa ya Cronbach, ile namba ya kuonyesha sentensi zinavyokubaliana (mwisho wake ni 1), ni 0.79. Msimamizi wangu anasema 0.79 inatosha, niendelee. Sitaki kuendelea. Nikiandika kwamba wanafunzi wetu wana hofu ndogo, chuo kitafunga faili na yule binti atabaki na stetoskopu yake inagonga meza.

Je, tatizo ni dodoso, ni tafsiri yangu, au ni mimi? Na je, niachane na maneno kabisa nitumie mashine? Maabara yetu ya vitendo ina mashine za shinikizo kumi na mbili. Mapigo ya moyo hayadanganyi.

---

Hesabu_za_Jioni

Dada Mkufunzi, heshima yako. Wengi wangepokea hiyo 0.79 wakaenda kuchapa kitabu. Mimi kazi yangu ni takwimu, kwa hiyo nianze na lile jepesi.

Sentensi ya kwanza katika dodoso hilo ndiyo pekee inayozungumzia kujiamini na kutulia. Zote nyingine zinazungumzia hofu. Hiyo moja lazima uigeuze kabla ya kujumlisha: aliyejibu 1 umpe 4, wa 2 umpe 3, na kuendelea. Usipoigeuza, mwanafunzi mtulivu unamwongezea hofu na mwenye hofu unampunguzia. Geuza, kisha piga tena alfa, utaona inapanda. Ila usitegemee kwamba hilo litamtoa yule binti kwenye 29. Sentensi moja haiwezi kubadilisha zaidi ya alama tatu.

La pili ni zito zaidi. Jumla ya alama inaficha vitu viwili tofauti. Watafiti Liebert na Morris waliligawa jambo hili mwaka 1967: kuna wasiwasi, yaani yale maneno ya kichwani ("nitafeli, nyumbani nitasema nini, wenzangu wamemaliza"), na kuna mhemko wa mwili, yaani moyo, jasho, tumbo. Spielberger alifuata mgawanyo huo huo. Sentensi nane ni za wasiwasi, nane ni za mhemko, nne zilizobaki zinaingia kwenye jumla tu. Zipige kando kando. Huyo kijana wako wa 61, tazama alama zake ziko upande gani. Naweza kukisia ni wasiwasi, na wasiwasi hauonekani usoni. Usimhukumu kwamba amejaza uongo kwa sababu tu hatetemeki.

Hapo ndipo linapokuja swali lako la mashine. Mtafiti Hembree alikusanya tafiti 562 mwaka 1988, na picha iliyotoka ni kwamba wasiwasi ndio unaoambatana zaidi na kufanya vibaya, kuliko mhemko wa mwili. Mashine yako itapima ule upande wenye uzito mdogo. Na hata huo hautaupima safi: aliyepanda ngazi mbio, aliyekunywa kahawa tangu alfajiri, aliyekesha, anayefurahia mtihani kwa sababu amejiandaa, wote moyo utakwenda mbio. Mapigo hayadanganyi, kweli, lakini hayasemi kwa nini.

La tatu: dodoso hilo linauliza mazoea ya mtu, kwamba kwa kawaida akiwa kwenye mitihani huwaje. Halikuulizi juu ya Jumanne ile kituo cha nne. Ukitaka kukamata hofu ya siku yenyewe unahitaji kipimo cha hali, cha sasa hivi. Huyo huyo Spielberger ana dodoso jingine lenye sentensi 20 za hali na 20 za tabia, kwa sababu aliona ni mambo mawili. Na wewe umeuliza wiki moja baada ya mtihani, watu wameshapumua.

Jambo la mwisho, usilichukulie kwa wepesi: dodoso la Spielberger lina mwenyewe na linauzwa. Kulitafsiri na kulibandika lote nyuma ya tasnifu bila kibali ni kosa. Omba kibali, au tumia lile la Driscoll la 2007, liitwalo Westside, sentensi kumi, ngazi tano, mwandishi ameruhusu watu walinakili. Hilo linauliza zaidi wasiwasi na jinsi hofu inavyomvurugia mtu kazi, halihangaiki na mapigo. Kuna pia la Cassady na Johnson la 2002, sentensi 27, lenyewe limejikita kwenye upande wa akili tu.

---

mwaka_wa_tatu

Shikamoo Madamu. Mimi ni mwanafunzi, chuo kingine, kanda nyingine. Naomba niseme upande wetu bila kukukosea adabu.

Ningekuwa darasani kwako, ningejaza "hainitokei" kuanzia juu mpaka chini.

Umesimama mbele. Umepita mwenyewe kukusanya. Namba ya usajili iko juu. Wewe ndiye uliyekaa kituo cha shinikizo, na mwezi ujao wewe ndiye utakayesaini kitabu changu cha vitendo kwamba naweza kuchoma sindano. Niandike kwa mkono wangu kwamba mikono hunitetemeka? Kwa muuguzi hiyo si hofu ya mtihani, Madamu, hiyo ni kusema sifai kazi. Yule dada alikuwa anajilinda. Na pengine aliona kwamba wewe umeshamwona, sasa unataka akiri kwa maandishi.

Halafu kuna la ada. Kwetu wiki ya mtihani haianzii kwenye chumba cha mtihani, inaanzia kwenye dirisha la mhasibu. Hujamaliza ada, hupati kadi ya mtihani. Muhula wa pili mwaka jana nilisimama pale tangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, baba anatuma kwa simu kidogo kidogo, laki moja, elfu arobaini, nyingine akakopa kwa mtu. Nimeingia chumba cha mtihani dakika ishirini zimekwisha, mkono unatetemeka hata kalamu siikamati sawasawa. Maswali yenyewe nilikuwa nayajua. Sasa ukinipa dodoso lako siku ile ningepata 70. Je, hiyo umepima hofu ya mtihani au umepima ada?

Sisemi uache. Nasema weka swali la ada pembeni, uone.

---

BintiMakunduchi

Dada, mie nafanya kazi ya kutafsiri madodoso ya afya, na kila nikisikia mtu katafsiri usiku mmoja moyo unanipiga. Tuandikie sentensi tatu nne ulizotafsiri, tuzione. Si zote, kwa lile la kibali alilosema mwenzetu.

---

Mkufunzi_Nyanda

Ahsanteni sana. Marahaba mwanangu wa mwaka wa tatu, na umenikata maini. Nitarudi kwako.

Kwanza nimegeuza ile sentensi: alfa sasa ni 0.84. Yule binti alikuwa amejiweka mtulivu hata pale, kwa hiyo ameshuka mpaka 26.

Bi Makunduchi, baadhi ni hizi. Ile ya kutotulia niliandika "Napata kiherehere ninapofanya mtihani muhimu." Ile ya kufikiria kufeli niliandika "Mawazo hunivuruga wakati wa mtihani." Na zile ngazi nne niliandika: kamwe, mara kwa mara, mara nyingi, kila mara.

---

BintiMakunduchi

Hapo hapo. Tuanze na kiherehere. Kwetu pwani kiherehere ni cha moyo, ule mpapatiko wa mtu aliyeshtuka au anayesubiri habari. Hata kamusi inasema hivyo. Lakini huko bara, kijana wa miaka 21 ukimwambia ana kiherehere umemtukana: mtu wa kujipendekeza, wa kudandia yasiyomhusu, wa kunyoosha kidole kabla ya kuulizwa. Hakuna mwanafunzi atakayekubali kwamba ana kiherehere kwenye mtihani. Angalia majibu ya sentensi hiyo, naamini wengi mno wameikana.

"Mawazo" nalo. Kwa Kiingereza ni fikra tu. Kwa Kiswahili cha mitaani, "ana mawazo" ni mtu aliyefiwa, anayedaiwa, aliyeachwa. Kijana hapo juu akisoma sentensi yako atakumbuka dirisha la mhasibu, si mtihani. Andika jambo lenyewe: "Nikiwa katikati ya mtihani najikuta nafikiria kwamba nitafeli."

Na "mara kwa mara" ndiyo inayoniuma zaidi, maana kila mtu huiandika. Waulize watu kumi: watano watakwambia ni mara moja moja, watano watakwambia ni kila wakati. Umeiweka ngazi ya pili, chini ya "mara nyingi". Nusu ya darasa wameiona iko juu yake. Tumia "wakati mwingine". Na ngazi ya kwanza usiandike "kamwe" peke yake, andika "kamwe au kwa nadra sana". "Kamwe" ni neno la kiapo.

Utaratibu unaotumika ni ule ulioandikwa na Brislin mwaka 1970: mmoja anatafsiri kwenda Kiswahili, mwingine asiyeiona asili anarudisha Kiingereza, mnakaa mnatazama wapi pametofautiana. Ni mzuri lakini hautoshi, kwa sababu kiherehere kitarudi Kiingereza salama salimini kama wote wawili ni watu wa kamusi. Kinachotosha ni kukaa na wanafunzi watano sita, sentensi moja moja, uwaulize: hapa umeelewa nini? Wewe ungemwambiaje mwenzako chumbani? Usiwasahihishe. Andika wanavyosema.

---

Mkufunzi_Nyanda

Wakuu, ni wiki ya tatu tangu niandike. Nimerudi na majibu.

Nilikwenda kwenye sentensi ya kiherehere: wanafunzi 84, waliojibu ngazi ya kwanza ni 71. Bi Makunduchi, ulijua.

Nikamwomba mwenzangu wa chuo kingine, ambaye hasahihishi mtihani wa mtu yeyote hapa, akae na wanafunzi sita wa kujitolea. Mimi sikuingia. Alinisomea alichoandika kwa simu, nikawa nanakili. Hakuna hata mmoja aliyetumia neno "wasiwasi" kabla ya kuulizwa. Walisema "tumbo joto". Walisema "kichwa kinakuwa cheupe". Mmoja akasema "naisoma swali mara tatu, maneno nayaona ila hayaingii". Mwingine akasema vidole vinakufa ganzi, hawezi kuvunja kichupa cha dawa. Miaka tisa nafundisha watu kuvunja vichupa na sijawahi kusikia hilo.

Mwaka wa tatu, nimefikiria sana uliyoyasema. Sisi wauguzi tunajua kuna wagonjwa ambao shinikizo lao linapanda kwa sababu tu wamemwona mtu wa koti jeupe. Nyumbani liko sawa. Tunawafundisha wanafunzi wasubiri, mgonjwa akae dakika tano, wapime tena. Nalifundisha hilo kila mwaka, na nikaenda nikasimama mbele ya watu 84 na koti langu nikadhani nimepima. Kwangu namba ilishuka badala ya kupanda, lakini ni jambo lile lile.

Yule binti alikuja mwenyewe. Sikumwita, na sikumwonyesha alama zake. Alikuwa ameleta kitabu cha vitendo nisaini, akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Madamu, mimi mgonjwa simwogopi. Naogopa kalamu yako. Nikiona imeanza kuandika kabla sijamaliza, najua nimekosea, halafu sijui nimekosea wapi."

Nimepitia sentensi zote 20. Hakuna hata moja inayouliza juu ya kutazamwa. Zinazungumzia mtihani kwa ujumla, kukaa na kufanya, kusubiri karatasi irudi. Mtihani wa vituo una jicho la mtu futi tatu kutoka mkononi mwako, na hilo dodoso langu halikuliuliza. Hata wangejibu ukweli mtupu, nisingelipata. Tangu siku hiyo nimekuwa naiweka kalamu mezani mpaka kengele ilie, ndipo naandika. Nimewaomba wenzangu wawili nao wafanye hivyo. Mmoja kakubali, mmoja anasema atasahau alama.

Sasa nimebadilisha mpango. Natumia la Driscoll, limetafsiriwa upya na watu wawili, na naongeza sentensi tano zangu za kutazamwa, ambazo nitazipigia alama kando, sitazichanganya na kumi zake. Sitafanya chuoni kwetu. Swali la ada linaingia, pamoja na la wamelala saa ngapi. Swali langu sasa ni namba ya usajili. Bila namba nitalinganishaje na matokeo?

---

Hesabu_za_Jioni

Dada, tumia mtu wa tatu. Kila mwanafunzi anapewa bahasha yenye namba ya siri, anaandika hiyo tu kwenye dodoso, anatumbukiza kwenye sanduku. Orodha inayounganisha namba ya siri na ya usajili anakaa nayo mtu mmoja ambaye si mkufunzi na si wewe. Matokeo yakitoka, yeye anaambatanisha alama na namba ya siri, anakuletea jedwali lisilo na jina, anaichana orodha mbele ya shahidi. Liandike hilo kwenye fomu ya ridhaa kwa maneno yale yale, kwamba mkufunzi hatajua nani kasema nini. Bila hivyo utarudi kwenye "hainitokei".

Mawili mengine. Usikate katikati ukatangaza kwamba walio juu ya hapo "wana hofu kali". Karibu nusu ya darasa lolote iko juu ya katikati, hata darasa la watulivu. Na kwa sababu hutajua nani ni nani, weka mwisho wa karatasi mahali pa kwenda kwa yule ambaye kujaza kumemwamsha jambo: jina la ofisi ya mshauri, siku na saa zake. Kamati ya maadili itakuuliza hilo kabla ya kukuuliza takwimu.

---

mwaka_wa_tatu

Madamu, kama sanduku litakuwepo, liweke mlangoni, sio mezani kwa mtu. Na mtu akitaka kurudisha tupu aruhusiwe.

---

Mkufunzi_Nyanda

Litakaa mlangoni. Na karatasi tupu nitazihesabu, nitaziripoti zilikuwa ngapi.

Fomu ya ridhaa nairekebisha kesho, Jumatatu naipeleka kwa kamati. Dodoso litagawiwa mara mbili: wiki sita kabla ya mtihani, na asubuhi ya siku ya vitendo kabla ya kengele ya kwanza, ile ya asubuhi ikiwa fupi isizidi dakika mbili ili isiwaongezee mzigo. Bi Makunduchi, sentensi zangu tano za kutazamwa nakutumia kwa ujumbe wa faragha usiku huu. Ya tatu ina neno "kukodolewa" na sina uhakika huko kwenu linasikikaje.